Fungua Kinywa, Mtani

Nilipomaliza Chuo Kikuu nilipangiwa kazi Kilosa, na wiki za mwanzo nilizimaliza kwa hasira. Nilitegemea kupelekwa mahali ambapo nchi mpya inajengwa kwa kishindo: kijiji cha ujamaa huko Tindiga au Ulaya, ile ya Kilosa, trekta linanguruma, watu wanabishana mkutanoni mpaka jua linazama. Badala yake, ofisi ya ustawi ikanikabidhi makao ya wazee.

Makao yenyewe yalikuwa kambi ya zamani ya manamba, yale mabanda marefu ya matofali walimolala wakata mkonge. Shamba lilikuwa limetaifishwa, kambi ikabaki tupu, na serikali ikawakusanya humo wazee wasio na mtu. Wengi wao walikuwa wale wale waliolala humo ujanani. Waliletwa kutoka Tabora, Kigoma na Songea, wakakata mkonge mpaka migongo ikakataa, wengine wakatengeneza reli, na kwao hawakurudi tena. Siku ya kwanza niliuliza kwa nini tunamrudisha mtu kwenye banda lile lile alimonyonywa. Mama mlezi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini aliyesimamia makao, alinitazama kama mtu anayetazama mvua isiyo na nia ya kukatika.

"Kwa sababu paa lake halivuji, mwanangu."



Mmoja wa wazee wale alinikamata mapema. Alikuwa Mnyamwezi mrefu, mifupa mitupu, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza mkono wa kulia na kuuvuta mdomo wake upande mmoja. Hakuwa na mke wala mtoto anayejulikana. Alizungumza taratibu, maneno yakiburuta mguu, lakini alichosema kilikuwa na chumvi. Nilipomwamkia shikamoo alijibu marahaba, kisha akauliza, "Mjukuu, huko chuoni wamekufundisha kukaa kitako, au wamekufundisha kuzungukazunguka tu?" Kweli nilikuwa siwezi kukaa. Nikakaa. Kuanzia hapo nilimwita Babu, na kila asubuhi nilianza kazi kwenye kitanda chake.

Masika iliyopita, kabla sijafika, alikuwa ameugua kichomi. Alipona kwa shida. Tabibu wa zahanati ya jirani, kijana mpole aliyepita kila wiki na baiskeli yake, aliniambia jambo moja pembeni: "Huyu akishikwa tena, sidhani kama atanyanyuka. Sindano za penisilini ninazo. Nguvu ya kupambana ndiyo hana." Na kipupwe kilikuwa kinakuja. Wote pale walijua kwamba kipupwe ndicho kinachowachukua wazee.

Nikauliza kwa nini. Kila mtu alikuwa na jibu. Mpishi alisema ni upepo wa Mto Mkondoa. Mfagiaji alisema ni sakafu ya saruji. Mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa reli alisema ni nyoyo za watu, akanikonyeza. Mama mlezi alisema ni umri.

"Lakini upepo unawapiga wote," nikasema. "Sakafu ni ya wote. Na huyo fundi wa reli ana umri kumpita Babu, mbona yeye haugui?"

"Ndugu Ofisa," mpishi akasema, "wewe ukiletewa chai utaiuliza kwa nini ni ya moto."

Walicheka sana. Mimi nilikwenda kukaa karibu na kitanda cha Babu wakati wa uji, maana nilikuwa sijaridhika.

Ndipo nikaona. Msichana mhudumu alimlaza chali kwa heshima kubwa, akamtandikia kitambaa kifuani, akamnywesha uji kwa kijiko. Babu alimeza, akapaliwa, akakohoa mpaka macho yakamtoka. Mhudumu akampapasa kifua. "Pole Babu, pole." Kijiko kingine. Kikohozi kingine. Nikauliza kama hali huwa hivyo kila siku. Huwa hivyo, akasema, mzee akishapata kiharusi koo huwa jepesi.

Halafu Babu akacheka kwa jambo fulani, na kwa mara ya kwanza nikamwona ndani ya kinywa. Meno yaliyobaki yalikuwa yamevikwa utando mzito wa njano. Ulimi ulikuwa na gamba. Masalia ya ugali wa jana yalikuwa yamejibana shavuni, upande ule usio na hisia. Harufu ilinifanya nigeuze uso, kisha nikaona haya kwa kuugeuza.

Mzee huyu alikuwa akiogeshwa kila asubuhi. Shuka zilifuliwa, kucha zilikatwa, nywele zilinyolewa. Wale wasichana walikuwa na mikono mizuri, wala sitaki mtu adhani walikuwa wavivu. Ila walipofika usoni walipangusa paji la uso, wakapangusa mashavu, wakapangusa kidevu, na hapo katikati wakaparuka. Mkono wake wa mswaki ulikuwa umekufa pamoja na kiharusi, na hakuna mkono mwingine uliochukua nafasi yake.

Jumamosi hiyo nilipanda lori kwenda nyumbani Mikumi, kichwa kikichemka. Kwetu palikuwa ni mgahawa wa mama yangu kando ya barabara kuu, pale yalipopumzika malori ya Zambia. Bibi yangu, mama wa mama, alikaa mlangoni kutwa nzima akitafuna muwa. Alikuwa Msagara, mdogo wa umbo na mkubwa wa sauti, na alikuwa amemzidi Babu wa Kilosa kwa miaka mingi. Meno yake yalitimia karibu yote. Nilikuwa nimemwona maisha yangu yote akipiga mswaki kila anapotawadha, kijiti kikiwa nyuma ya sikio kama penseli ya seremala, na sikuwahi kukiona. Sasa nilikiona. Sikumbuki bibi yangu kuugua kichomi hata mara moja.

Najua. Bibi mmoja si ushahidi. Nilijiambia hivyo hivyo ndani ya lori la kurudi, nikijibishana mwenyewe mpaka utingo akaniuliza kama nasali. Bibi alikula vizuri. Bibi alikuwa na watu. Bibi hakukata mkonge. Lakini makaoni je? Yule fundi wa reli alipiga mswaki mwenyewe kwa chumvi na mkaa, akila ameketi. Ajuza wa Kimanyema aliyelala banda la pili naye vile vile. Waliokuwa wakikohoa na kuchukuliwa na kipupwe, kwa kumbukumbu ya mama mlezi mwenyewe, ni wale walioshindwa kujisafisha na kulishwa wamelala.

Tabibu alipokuja nilimdaka kabla hajashuka kwenye baiskeli.

"Kitu kikipita njia mbaya kooni, kinakwenda wapi?"

"Mapafuni."

"Na kikipita kwenye kinywa kichafu, kinabeba nini?"

Aliegemeza baiskeli ukutani polepole. "Kinabeba kilichomo," akasema. "Vijidudu. Lakini ndugu yangu, hilo ni wazo tu. Baridi nayo ipo, udhaifu nao upo."

"Sawa, ni wazo. Likiwa baya tutapoteza nini? Chumvi?"

Akafikiri. Nilimpenda kwa sababu alifikiri. "Waketishwe wanapokula," akasema, "na wabaki wameketi kidogo baada ya kula. Hilo naliandikia amri leo. La kinywa, likiwezekana, nalo zuri. Sijui tu nani ataliweza."

Sikuelewa alimaanisha nini mpaka nilipowaita wahudumu. Kuhusu kukalisha wazee hawakuwa na neno. Kuhusu kinywa, walianza kusukumana viwiko. Hatimaye msichana aliyemlisha Babu akasema, akitazama vidole vya miguu yake, "Dada, mimi nimwambie mtu sawa na baba wa baba yangu afumbue kinywa nimwangalie ndani? Nitakuwa nimemvua nguo."

"Lakini kila siku mnamvua nguo!"

"Hiyo ni kuoga," akasema, na wenzake wakaitikia kwa vichwa kama kwamba tofauti ilikuwa wazi kwa kila mwenye akili.

Basi nikajaribu mwenyewe. Nilichukua kitambaa safi, maji ya vuguvugu yenye chumvi, nikamwendea Babu kwa shikamoo ya adabu zote. Nikamweleza wazo zima, mapafu, vijidudu, uji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mdomo, akaubana, na jicho lake moja likajaa maji.

"Mjukuu," akasema baadaye, "mtu huoshwa kinywa na mwenzake mara moja tu. Anakuwa amelala kwenye kitanda cha maiti, hana la kusema. Unaniosha kabla sijafa?"

Nilitoka nje na bakuli langu. Kipupwe kilikuwa kimeshaanza kupiga alfajiri, ukungu umelala juu ya mto, na toka bandani nilisikia kikohozi chake. Nilikuwa na mapatano na tabibu, nilikuwa na chumvi, nilikuwa na hoja isiyopasuka, na mdomo ulikuwa umefungwa kwa sababu ya heshima. Nikaanza kuichukia heshima. Niliwaza kwamba ndiyo inayowaua.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimekaa mgahawani Mikumi, nimenuna, chai inapoa. Bibi alikuwa mlangoni na muwa wake. Lori likasimama, akateremka dereva wa makamo, shati limelowa mgongoni. Akamwona Bibi, akatanua miguu mbele yake.

"Shikamoo, ajuza wa mlimani. Bado hujafa tu?"

"Marahaba, mpagazi," Bibi akajibu bila kuacha kutafuna. "Mzigo wa nani umekuponyoka leo?"

Dereva akainama, akamchomoa Bibi kipande cha muwa mdomoni. Mdomoni! Akakitia kinywani mwake, akaingia ndani kuagiza wali. Wateja walikuwa wakivunjika mbavu. Bibi alimtupia kandambili, akamkosa, akacheka kuliko wote. Mtu wa Tabora. Mnyamwezi. Mtani wake.

Nilisimama hata chai ikamwagika.

Utani tulikuwa tumeujadili chuoni. Nilisimama siku moja kwenye semina nikasema ni masalia ya ukabila, kwamba taifa likikomaa utakufa wenyewe, na nikapigiwa makofi. Sasa nilikuwa nimeona kwa macho yangu mkono wa mtu ukiingia mdomoni mwa mzee, mbele za watu, mchana kweupe, na aliyeguswa akafurahi. Mtani hakuvunjii heshima, maana heshima baina yenu mliiweka kando tangu enzi za mababu, enzi za misafara. Mtani hukutania msibani, hulala kwenye kaburi lako kabla yako kudai haki yake. Nani mwingine anayeweza kumwosha mtu kinywa kama maiti na mtu akabaki hai wa kucheka?

"Bibi," nikasema, "kuna Mnyamwezi Kilosa hataki kupiga mswaki."

Aliacha kutafuna. Macho yake yaliwaka. "Mzee?"

"Mzee."

"Na ulikuwa unaninyima?"

Jumatatu tulikuwa naye ndani ya lori la mchele, amevaa kanga mpya, vijiti vya mswaki amevifunga mafungu mafungu kama kuni. Njia nzima alikuwa akijaribisha matusi.

Alipoingia bandani hakuuliza yupi. Alisimama mlangoni, akanusa hewa kwa madaha.

"Aka! Nani amefuga fisi humu?"

Wazee wote wakageuka. Babu alikuwa ameketishwa kwa mito, kama tabibu alivyoamuru. Alimtazama yule mwanamke mdogo.

"Ni nani huyu?"

"Ni yule ambaye mahindi ya babu yake mliyala mlipopita na pembe zenu za ndovu. Nimekuja kudai."

Uso wa Babu ulifunguka. Siwezi kusema vinginevyo. Upande uliokufa ulibaki palepale, lakini ule mwingine ulipanda juu kama pazia. "Wasagara," akasema, neno likiburuta, "mliona mizigo yetu tu, mkakimbilia milimani. Mpaka leo mnashuka kwa kuiba."

"Fungua domo, mpagazi, nione pango."

"Sifungui."

"Usipofungua, ukifa nakuja mimi. Nalala kaburini mwako, sitoki mpaka kila aliyekuja amenilipa, na huna hata jogoo wa kunitoa humo. Wataniita tajiri kwa ajili ya mifupa yako."

Banda zima lilikuwa linacheka, na fundi wa reli alikuwa akipiga bakuli kwa kijiko. Babu alicheka, na alipocheka akafunua kinywa, na Bibi hakungoja. Kidole chenye kitambaa na chumvi kikawa kimeshaingia. "Lo! Humu nimekuta ugali wa enzi za Mjerumani!" Alisugua meno, alisugua ulimi, alifagia lile shavu lisilohisi, huku akitukana bila kituo. Babu alitema, akasukutua ameinamisha kichwa, akatukana naye. Msichana mhudumu alikuwa amejifunika uso kwa viganja, ila nilimwona akichungulia kati ya vidole.

Bibi aliporudi Mikumi alituachia kazi, na sisi tulikuwa kwenye hazina bila kujua. Mkonge uliwaleta watu wa kila kabila kwenye mabanda yale, kwa hiyo watani walikuwa wamejazana kitanda kwa kitanda. Mngoni alipewa Mhehe. Mkaguru aliyefagia alipewa Wanyamwezi wote, Babu akiwa wa kwanza, na kazi ile aliifurahia kupita kiasi. Mzee mmoja wa Kiha alikosa mtani, akanung'unika kuwa anabaguliwa, mpaka mpishi akatangaza kwamba serikali imemteua yeye kuwa mtani wake kuanzia siku hiyo. Asubuhi makao yalisikika kama mnada. Mtu anayepita njiani angedhani tunapigana.

Mama mlezi alisimama mlangoni siku moja akiangalia zogo lile. "Mwanangu, hii ndiyo sayansi mliyosomea?"

"Bado sijui," nikasema. Na nilikuwa sijui kweli. Ilinisumbua usingizini na mchana. Kukohoa wakati wa uji kulikuwa kumepungua, hilo kila mtu alilisikia. Lakini je, ni kuketi? Ni chumvi? Ni kicheko kinachofungua kifua? Tabibu alinishauri niache wazee wengine bila kusafishwa ili tulinganishe. Tukatazamana, tukacheka wote wawili, maana hakuna aliyekuwa tayari kuchagua nani aachwe.

Halafu, katikati ya baridi kali, nilifika asubuhi nikakuta Babu anatetemeka. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Mkaguru mfagiaji alikuwa kando ya kitanda na kitambaa chake mkononi, amenyamaza kabisa, na ukimya wa mtu yule uliniogopesha kuliko homa. Nilikimbia, kweli nilikimbia, pindo la gauni mkononi, mpaka zahanati.

Tabibu alimwinamisha mbele, akaweka chombo mgongoni. Akasikiliza upande mmoja. Akahama. Akasikiliza tena. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda. Kama ni kichomi, niliwaza, basi nimecheza na chumvi tu, na huyu mzee anakwenda.

"Vuta pumzi, Babu. Tena." Akavua chombo masikioni. "Kifua ni cheupe. Hamna kitu."

"Na homa?"

Alimtoboa kidole, akapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo, akaondoka nacho kwenda kukitazama kwenye hadubini ya hospitali mjini. Alirudi anapiga kengele ya baiskeli tangu mbali.

"Malaria!" alipiga kelele kabla ya kufika. "Malaria tupu!"

Nadhani ni sisi peke yetu katika nchi hii tuliowahi kushangilia malaria. Mpishi alipiga kigelegele. Mfagiaji aliinama sikioni kwa Babu: "Mpagazi, hata kufa umeshindwa." Babu alimeza klorokwini zake ameketi wima, akakunja uso kwa uchungu, akaomba asukutue.

Kipupwe kilipita. Ukungu ukaondoka mtoni, watu wakaanza kuchoma mashamba, na Babu alikuwa yupo. Si yeye peke yake, ila sitasema zaidi ya nilichokiona: msimu ule haukuwa kama misimu aliyonisimulia mama mlezi. Msimu mmoja si ushahidi. Nalisema hili kabla hujanisemea.

Babu ndiye aliyekuwa na uhakika. Aliniita kitandani. "Mjukuu, yule ajuza aliniahidi kulala kaburini mwangu. Sikufa. Kwa hiyo deni la utani limegeuka. Nipeleke Mikumi, nikachukue haki yangu."

Nilibisha, nikauliza barabara, nikauliza mkono, nikauliza vumbi. Akasubiri nimalize, kisha akauliza lori linaondoka saa ngapi.

Tulimkalisha mbele na dereva. Njia nzima aliangalia nje kama mtoto, na tulipotokea barabara kuu akaona lami na malori yamejipanga, akasema "Ahaa," mara moja tu. Mgahawani hakuamkia mtu. Alijikokota kwa fimbo mpaka uani, na kabla Bibi hajanyanyuka mlangoni, jogoo wake mwekundu alikuwa ameshabanwa kwenye kwapa la mkono mzima, akipiga kelele za kuuawa. Sheria ya utani ni hiyo: akishashika, ni wake. Madereva waliacha sahani wakatoka kuona.

Bibi alisimama njiani, mikono kiunoni, kichwa kikimfikia Babu kifuani.

"Hutoki na jogoo wangu hivi hivi. Fungua domo kwanza, watu waone kama umepiga mswaki."

Uwanja mzima ulikuwa unatazama: madereva, utingo, wauza ndizi, mama yangu na mwiko mkononi. Nilimwangalia Babu, nikikumbuka jicho lile lililojaa maji juu ya bakuli langu la chumvi. Alimkaza jogoo vizuri kwapani. Akainua kidevu, akafumbua kinywa kadiri kilivyoweza kufumbuka, akamgeukia kila mtu taratibu ili wote waone.